Majeneza Arobaini na Sita

Saa tatu asubuhi, Wanda Estep anavaa kofia ya mchimba makaa, anawasha taa yake na kuwageukia watoto thelathini na mmoja waliojazana ukumbini.

"Nani hapa babu yake alishuka mgodini?"

Karibu mikono yote inapanda.

"Na nani hajanawa?"

Inashuka upesi kuliko ilivyopanda. Kicheko.

Ni siku ya watoto wanaosomeshwa nyumbani katika makumbusho ya Harlow Fork, mji wa milimani West Virginia. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, akina mama huwaleta pamoja na vikapu vya mikate ya soseji. Wanda, mwenye miaka 61, ndiye mwalimu wao. Alianza hapa kama mfagiaji, miaka kumi na tisa iliyopita.

"Nilikuwa nafuta vioo huku nasoma maelezo," anasema. "Siku moja mwongozaji akaugua, nikasimama mimi. Sijakaa tena."

Oktoba mwaka juzi alikuwa akieleza mlipuko wa mgodi Namba Tano, mwaka 1911, mbele ya ukuta wenye picha ya maziko na orodha ya marehemu arobaini na mmoja. Keziah Bragg, wa miaka tisa, akamkatiza.

"Bi Wanda, mbona kwenye picha ya maziko majeneza ni arobaini na sita?"

"Hesabu vizuri, mwanangu."

"Nimehesabu mara tatu."

Mama yake, Rhoda, akamfinya bega anyamaze. Wanda akahesabu mwenyewe, kidole kwenye kioo. Arobaini na sita.

"Niliona haya," anakiri. "Picha ile nimeifuta vumbi miaka yote hiyo. Nikamwambia sijui. Halafu nikamwambia, twende tukatafute."

Walitafuta majira yote ya baridi, wakipekua vitabu vya maziko vya makanisa. Katika kitabu cha padri wakamkuta Donato Marra, Mtaliano. Katika kile cha Wabaptisti weusi, Amos Tolliver, "mgeni kutoka Alabama". Wote vibarua, kampuni haikuwaandika.

Wanda alipoomba majina hayo yaongezwe ukutani, mjumbe mmoja wa bodi hakufurahi. "Wanda, ukuta umekaa hivyo miaka mia na haujamdhuru mtu."

"Haujakudhuru wewe," akamjibu. "Jamaa zao tumewauliza?"

Bodi ikapiga kura: saba wakakubali, wawili wakakataa. Rhoda naye akapiga simu Alabama, familia moja hadi nyingine, mpaka akampata Lucius Tolliver, mjukuu wa Amos.

Mzee huyo alifika Mei, akiwa na miaka 78. Alivua kofia, akaweka kiganja juu ya jina.

"Kwetu tuliambiwa alimtoroka mkewe," alisema taratibu. "Bibi alikufa akimlaani. Kumbe alikuwa hapa."

Keziah alimsogezea kiti.

Bado watu watatu hawajapatikana. Jumanne ya mwezi ujao Wanda atawapeleka watoto kwenye makaburi ya vibarua Wahungari, ng'ambo ya mto, kila mmoja na burashi ya kusugulia mawe.

"Tukiwapata, nastaafu," anasema huku akizima taa ya kofia. "Tusipowapata, bodi itanivumilia."