Laini Moja Iliyobaki

Kazi yangu ilikuwa kuunganisha watu. Nilikaa mbele ya swichibodi katika posta ndogo ya upande wa Nyamira, vifaa vya kusikilizia kichwani, nikichomeka waya hapa na kuuchomoa pale, nikisema "nambari tafadhali" kwa sauti ambayo mume wangu alidai hajawahi kuisikia nyumbani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wasichana wa simu tulionekana watu wa maana sana siku hizo, na mimi sikumkosoa mtu yeyote aliyefikiri hivyo.

Mwaka huo mvua za masika zilipitiliza. Siku ya tatu bila jua, mlima ukaporomoka alfajiri, ukazoa mashamba ya chai, nyumba kadhaa na nguzo zetu za simu. Daraja la barabara kuu nalo likaenda na mto. Nilipofika kazini, laini zote za kwenda Kisii zilikuwa zimekufa isipokuwa moja, ile iliyozunguka upande wa Nyaramba, nayo ilikoroma hivi kwamba mteja aliyeingia kwenye kibanda cha simu hakuambulia neno. Mimi mwenye vifaa kichwani ndiye niliyeweza kumsikia opereta wa Kisii, bwana mmoja wa kutoka kando ya ziwa ambaye sikuwahi kumwona, na hata yeye ilibidi arudie kila neno mara mbili. Tukakubaliana kwamba siku hiyo hakuna atakayeongea mwenyewe. Kila mtu aniambie haja yake, mimi niipaze, wa upande wa pili ajibu, nami nirudishe jibu.

Bwana posta alisimama mlangoni akatangaza utaratibu. Wagonjwa na waliofukiwa kwanza, serikali ya pili, wengine baadaye kama laini itakuwa hai bado. Mwalimu mmoja alitaka kuwaarifu wakwe zake watarajiwa kwamba hatafika kwa mazungumzo ya posa. Nikamwambia wakwe wana macho, mvua wanaiona. Watu walicheka kidogo. Kila radi ilipopiga nilidhani ndiyo basi, na foleni yote ilikuwa ikinitazama usoni kana kwamba habari zao zimeandikwa hapo.

Saa tano hivi tarishi wetu, mzee mpole aliyekuwa akipeleka telegramu kwa baiskeli, aliniinamia akasema kuna mtu nje ana mgonjwa lakini hataki kuingia. Nikachungulia dirishani. Alikuwa baba mkwe wangu, amesimama chini ya paa, kofia mkononi, uso ameugeuzia ukutani.

Kwetu Abagusii kuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawazoeani. Baba haingii nyumbani kwa mwanawe, hawapeani mkono, na mambo ya mwili, ya kitandani na ya uzazi, hayatajwi kabisa mmoja akiwa anasikia. Tangu niolewe, mzee huyo hakuwahi kukanyaga posta. Alikuwa radhi kutembea maili nyingi kupeleka ujumbe kwa miguu kuliko kunikuta pale. Nilipomwona amekuja, nikajua jambo si dogo.

Alimtuma tarishi aseme kwamba nyumbani kuna mama anaumwa tumbo. Nami nikapaza, "Mwanamke, anaumwa tumbo." Kupitia kwa opereta wa Kisii, daktari wa zamu hospitalini akauliza tangu lini, ana mimba, kuna damu? Tarishi akatoka na maswali hayo, akarudi. Mzee anasema ni tumbo tu. Daktari akauliza tena. Tarishi akatoka tena, akarudi na maneno yaleyale. Niliona wazi kwamba mzee alijua majibu yatapitia kinywani mwangu.

Daktari alikuwa na Landrova moja ya kuzunguka njia ndefu, na mzee mwingine kijiji cha pili alikuwa ameangukiwa na ukuta mguuni. Akaamua mguu kwanza, tumbo kesho. Nani angemlaumu? Nikaandika "asubiri" kwenye karatasi, nikampa tarishi.

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Mke mdogo wa baba mkwe nilisoma naye, alikuwa nyuma yangu madarasa mawili. Jumapili mbili kabla nilikuwa nimemwona sokoni, ana mimba kubwa, anatembea kwa shida, mkono mgongoni. Ulimi ulikuwa mzito kwa sababu ya mzee yule kule nje, na kwa sababu ya mambo ambayo ukoo ungesema. Nikaunganisha ujumbe wa chifu. Nikaunganisha na wa karani wa chai. Kila nilipoinua macho, mzee alikuwa bado yupo, hajaondoka na jibu lake, maji yanamtiririka shingoni.

Hapo woga ukageuka hasira, sijui kwa nani. Nikamwambia tarishi amlete ndani, amsimamishe nyuma yangu. Nikageuza kiti nikautazama ubao, nikahisi harufu ya koti lake lililoloa. Kisha, badala ya Ekegusii chetu cha nyumbani, nikamsemesha kwa Kiswahili cha kaunta, kama ninavyosema na mgeni yeyote aliyeshuka kwenye basi.

"Bwana, mgonjwa ana mimba ya miezi mingapi?"

Alikuwa amefanya kazi mashamba ya chai ya Kericho ujanani, Kiswahili alikijua.

"Miezi nane, madam," akasema.

"Damu inatoka?"

"Inatoka mingi sana, madam. Tangu asubui. Sasa hata kusimama hawezi."

Sikugeuka. Nilipaza kila neno mara mbili kwenye laini iliyokoroma. Daktari alisema gari limeshaondoka. Yule bwana wa Kisii akaniambia nisikate, akampigia mwenye duka kwenye njia panda ya mbele, ambaye simu yake ilikuwa bado inafanya kazi. Nilisikia kwa mbali akimwambia asimame katikati ya barabara na asitoke hata akigongwa. Nilikaa nimeshika waya kwa mikono miwili, kana kwamba ungeponyoka. Baadaye sauti ikarudi: wamelisimamisha, linaanzia kwa mama.

Nilipogeuka, mzee hakuwepo. Alikuwa ameshakimbilia nyumbani kutafuta wanaume wa kumbeba mkewe hadi barabarani. Laini ilikatika kabla ya saa tisa, haikurudi kwa siku nne.

Mama alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa hospitalini bila pumzi. Daktari aliwaambia wangefika mapema kidogo huenda angeokoka.

Baba mkwe hakulitaja jambo hilo kamwe, wala mimi. Tulirudi kwenye heshima yetu, yeye njia yake nami yangu. Lakini mke wake mdogo aliambiwa na watu kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Alipopata nguvu alikuja kwangu na mkungu wa ndizi kichwani, akanishukuru mpaka akalia. Akazaa wengine wanne baadaye, na wa kwanza kati yao akampa jina langu.

Ndizi nilizipokea. Jina nililipokea. Sijamwambia mpaka leo kwamba nilijua tangu tarishi aliposema neno tumbo, na kwamba nilikaa kimya karibu saa nzima, laini ikiwa mkononi mwangu.