Kafeel wa Sundus

Mie nina ugonjwa mmoja, na nausema mwenyewe kabla watu hawajanisemea: mtu akinyamaza mbele yangu, silali mpaka nijue kanyamazia nini. Basi mwaka ule wa 2016 ndugu yangu Nassir alinyamaza wiki nzima, na mie karibu nipasuke.

Nassir ndiye mdogo wangu, tumbo moja. Ujanani Mombasa alikuwa kipa, na kipa kweli, si wa kuokota mipira nyavuni. Hapa Dubai ni msimamizi wa ofisi ya kago kule Deira, kazi yake kupakia magodoro na mafriji ya watu yarudi nyumbani. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, ndipo nikaja mie na cherehani yangu tukae pamoja mtaa wa Al Twar, tumlee binti yake Sundus.

Sundus naye kipa. Babake ndiye aliyemfundisha, hapo nyuma ya jengo magari yanapoegeshwa. "Usiutazame mguu, mama! Mguu muongo! Tazama kiuno!" Majirani wakigomba, Nassir huwaitikia "inshallah" kisha anapiga shuti jingine.

Jioni moja mtoto katoka chumbani mbio, kompyuta kaikumbatia. Kocha wa kike wa Marekani kaona video yake akiokoa penalti mashindano ya shule.

"Baba! Wanataka kunirikruti! Nikacheze chuo, na masomo wanalipa wao!"

Lo! Sie kwetu Mombasa chuo ni cha Kurani. Nikajiuliza, ni mwalimu gani huyo anayetaka kipa? Ilibidi Sundus anieleweshe kuwa ni chuo kikuu. Nikapiga kigelegele.

Nassir hakucheka. "Umesema wanataka kukufanya nini?"

"Kunirikruti, Baba."

"Hapana. Khalas."

Asubuhi yake akaichukua pasipoti ya mwanawe, akaenda kuifungia kwenye sefu ya ofisini. Kocha kasema anangoja jibu hadi Alhamisi, zaidi ya hapo nafasi anampa kipa mwingine. Sundus akazitupa glavu chini ya kitanda, na chakula akawa anakichokorachokora tu.

Sasa hebu niambie. Mtu aliyemfundisha mtoto kudaka tangu ana miaka sita, mlango unafunguka, yeye ndiye anayeurudisha? Kwa nini? Nikamwandama. Ni mavazi? Hapana, kocha ameshasema hijabu si tatizo. Ni umbali? Kimya. Unaogopa atapotea? Kimya, maji mtungini.

Jumatano nasukuma mahamri, hasira zikanipanda, nikalitoa lile nililolifungia moyoni miaka kumi na tano.

"Wewe ni roho ngumu tu, Nassir! Hata babetu alipokufa hukuja kumzika!"

Akakivuta kiti, akakaa. Nikajua leo nimefika.

"Dada, mimi hapa nililetwaje?"

"Si uliletwa na ajenti?"

"Alikuja uwanjani kwetu na neno hilohilo. Anarikruti wachezaji, kampuni ina timu, inataka kipa. Nikaja na glavu zangu. Hapakuwa na timu, Dada. Palikuwa na ghala na magunia. Na pasipoti, kafeel akaitia kwenye droo yake."

Asiyeishi huku nimwambie: kafeel ni yule mdhamini aliyekuleta, visa yako iko mkononi mwake.

"Baba alipokufa nilimuomba ruhusa ya siku tatu. Akasema subiri apatikane mtu wa kushika kazi yako. Nguo nilishafunga. Nilikaa juu ya sanduku siku nne, kisha nikazirudisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje? Nyumbani mlijua nacheza mpira."

Nikalia palepale na unga mikononi. Miaka yote hiyo nilimnunia mtu aliyefungwa! Lakini mie nikishalia hurudi kwenye ukali wangu. Nikamwambia: "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sawa. Lakini huu ni ung'ongo au ni nyoka? Hujauliza! Muulize!"

Alhamisi baada ya magharibi tukakaa watatu mbele ya kompyuta. Kocha akatokea, mama mwenye nywele fupi na kikombe cha kahawa, kwao ndiyo kwanza asubuhi. Nassir hakungoja salamu ziishe. Kwa Kiingereza chake cha ofisini akauliza, "Kafeel wake ni nani?"

Kocha akageukia karatasi zake. "Kafeel? Samahani, huyo video yake sijaiona. Anacheza nafasi gani?"

Mie nilicheka mpaka mtandio ukaanguka. Sundus akamweleza, na kocha akaanza kutusikiliza kwa makini.

"Pasipoti yake atashika nani?" Nassir akauliza.

"Yeye. Si ni yake?"

"Si wewe?"

"Niipeleke wapi mimi?"

"Na mimi nikifa?"

Kocha akaweka kikombe chini. "Siku hiyohiyo nitampeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Hahitaji ruhusa yangu."

Nassir akashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha. Ndipo Sundus akamgeukia, akasema kwa Kiswahili, polepole:

"Na sasa hivi, Baba, pasipoti yangu anayo nani?"

Kocha akauliza mtoto amesema nini. Hakuna aliyemtafsiria. Nassir alimtazama mwanawe, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Akasimama, akachukua funguo za gari. Nikamfuata mpaka kwenye lifti kumuuliza anakwenda wapi, kana kwamba sijui.

Kocha alikubali kungoja. Nassir aliporudi kutoka Deira, jasho linamtoka, alisimama mbele ya Sundus na kuinyoosha ile pasipoti kwa mikono miwili.

"Shika, mama. Na uendako, mtu yeyote akitaka akuwekee, mnyime." Akaiachia mikononi mwa mwanawe. "Hata akiwa babako. Mnyime."