Gari ya Kumfuata Rispa

"Wiki tatu! Wiki tatu hii gari imelala juu ya mawe, na kuku wangu wanakunywa oil!" Mama Bhoke alishika kiuno, akamkazia mwanawe macho. "Na hiyo karai ni ya kuogea, Nchagwa, si ya kuoshea vyuma."

"Hii ni raki ya steringi, Mama. Ndiyo inageuza magurudumu ya mbele."

"Basi ikugeuze na wewe, utulie kama watu."

Nchagwa alicheka, maana ni kweli. Shule aliiacha Form Two, si kwa ujinga, ni makalio yalikataa benchi. Akauza nyama Migori mjini, akabeba mawe ya mjengo, akachimba dhahabu Nyatike. Kote alitoka kabla hajazoeleka. Kitu ambacho hakuwahi kuchoka nacho ni Rispa, mke wake.

Lakini Rispa tangu Januari anapika kwa shule ya bweni huko Kendu Bay. Mara ya mwisho Nchagwa alimfuata na pikipiki, akafika kwa wakwe, hapo karibu na shule, vumbi mpaka kwa nyusi. Elkana, kaka ya Rispa, akamwangalia juu mpaka chini: "Shemeji, umekuja ama umechimbuliwa?" Boma yote ikaanguka kicheko. Siku hiyo Nchagwa akaapa: hapa nitarudi na gari.

Akanunua hii, kuukuu, steringi ngumu na inavuja. Fundi alisema raki itupwe. Yeye akatafuta sili mpya, ule mpira wa kuzuia oil, peke yake, akaifungua hapo nyumbani. Shule inafunga Jumamosi. Leo ni Alhamisi.

Kazi yenyewe ina siri moja. Ile fimbo ya raki ina meno, na meno yanakata sili. Lazima uyafunge na nailoni kwanza, ndiyo yapite bila kugusa mpira. Nailoni siku hizi utatoa wapi, na mifuko ilipigwa marufuku? Alikuwa amekata pakiti ya sukari, akaiweka kwa goti. Simu ikalia, ni Rispa.

"Jaoda, mume wangu, Jumamosi unakuja?"

"Nakuja, jaber, mrembo wangu. Na gari."

"Mimi nimechoka kulala na kelele ya wanafunzi. Nataka kusikia wewe ukikoroma."

"Mimi sikoromi."

"Unakoroma kama posho mill!"

Simu iko katikati ya sikio na bega, Nchagwa anatabasamu kama mjinga, mikono inaendelea yenyewe. Fimbo ikaingia, ikapita sili, tap. Ndiyo akaona pakiti bado iko kwa goti.

Alijiambia labda sili haikukatwa. Akafunga kila kitu, akamwaga oil mpya, akamwita mama akae kwa usukani.

"Zungusha kushoto. Kulia. Tena."

"Oil inatoka?" Mama aliuliza, polepole sasa.

"Inatoka."

Sili ingine ni ya kuagiza Nairobi, wiki nzima. Akampigia Rispa, akamwambia.

"Basi kuja hata na pikipiki," Rispa alisema.

Nchagwa alitaka kusema ndiyo. Akaona meno ya Elkana akimcheka tena. Badala yake akarudia habari ya sili.

"Sawa," Rispa alisema. "Nitaenda kwa rafiki yangu Liz, Oyugis. Nikae huko mpaka likizo iishe."

Akakata. Nchagwa alishikilia simu kwa sikio bado, kama kuna mtu ndani.

"Nchagwa!" Ilikuwa jirani, Mayaka, kwa lango. "Pampu ya maji imekataa kuwaka, na ng'ombe hawajakunywa."

Akapangusa mikono kwa suruali, akachukua spana namba kumi na mbili, akamfuata.