Mkwe Wangu na Picha ya Nyama Yangu

Mimi shule niliiacha mapema, kwa hivyo naeleza tu vile nilivyoona. Miaka ile ya elfu mbili na kitu, wakati hata wauza mboga wa Kangemi, hapa Nairobi, walishapata simu za mkononi, daktari alinitoa vipande vidogo vya nyama vya kupima kwenye tezi dume, ile tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu. Akavibandika kwenye vioo, akaangalia kwa darubini, akasema ni kansa lakini ya polepole. "Tungoje tu, mzee." Nikafurahi. Nani anapenda kisu?

Binti yangu hakuridhika. Mume wake alikuwa kwa maabara moja huko Hurlingham, wakijaribu kompyuta ya kupima ukali wa kansa kwa picha. "Baba, mpelekee hivyo vioo."

Yeye! Kwetu mbele ya mkwe hata kukohoa unafikiria kwanza. Kijana aliyeniletea mbuzi za mahari, sasa akague nyama ya mahali ambapo hata mama mkwe wake hajapaangalia taa ikiwaka? Lakini nilienda. Na tai nikavaa, sijui ya nini.

Akacheka kwa aibu. "Baba, hapa sioni mtu. Naona rangi tu."

Picha ikajaa kwenye skrini. Akanieleza: vile vijiduara vya nyama ya tezi vikikaa kwa mpango, kila kimoja na nafasi yake, hiyo ni kansa tulivu. Vikishikana na kupoteza umbo, hiyo ni kali. Kompyuta ikaanza kupaka, kijani kwa tulivu, nyekundu kwa kali. Kijani kidogo pembeni. Halafu nyekundu, nyekundu, vile moto hushika nyasi kavu.

"Inasema nini?"

"Bado ni majaribio, baba. Daktari ndiye husema." Akazima skrini.

Akakataa nirudi peke yangu. Akanipeleka kwa gari lake, redio ameizima, na huyo ni mtu wa kelele za mpira. Tulipokaribia nyumbani, mtaa wa Mountain View, akasafisha koo.

"Baba, vijana wako umewaonyesha mipaka ya shamba kule mashambani? Ile mistari ya maua iliyopandwa mpakani?"

Mkwe haulizi mipaka ya shamba. Hilo huulizwa mzee anayeaga dunia, na ndugu zake ndio huuliza. Geti langu nilikuwa naliona pale mbele.

"Geuza gari," nikamwambia. "Twende kwa daktari. Umwambie yeye vile umeona, kwa sababu mimi huwezi kuniambia."

Akageuza.