Chalbi au Suguta

Bundi aliposema "Popote tu," Gatakaa aliweka sufuria ya chai chini na kumtazama kama mtu aliyetukanwa.

Alikuwa amemuuliza swali lao la miaka yote: Chalbi au Suguta? Tangu enzi alipokuwa akiendesha pikapu ya miraa kwenda kaskazini, Bundi alikuwa amemwahidi mkewe kwamba siku moja atampeleka akaone jangwa. Shida ilikuwa jangwa lipi. Gatakaa, aliyezaliwa na kuzeekea Laare kwenye ukungu wa Nyambene, ambako mwezi wa Julai nguo hukaa kambani mpaka zinanuka, alitaka Chalbi: chumvi nyeupe, tambarare, pasipo kilima wala mti wa kumkinga mtu macho. Bundi alitaka Suguta. Aliwahi kusimama juu ya bonde lile, upande wa Baragoi, joto likampanda usoni kama la tanuri iliyofunguliwa, na hakulisahau.

"Chalbi yako ni uwanja wa mpira usio na magoli," alikuwa akimwambia.

"Na Suguta yako ni jiko. Jiko ninalo hapa."

Walibishana hivyo wakifunga miraa, wakienda kanisani, hata wakirudi mazishini. Hakuna aliyekubali kushindwa, kwa hiyo hawakwenda. Gatakaa hakujali sana. Bundi hakuwa mtu wa maneno matamu. Alipomtania kuhusu jangwa ndipo alipokuwa wake kabisa.

Kisha akili ya Bundi ikaanza kuondoka. Zilianza kupotea funguo, ikafuata njia ya sokoni, yakafuata majina ya watoto. Daktari alisema ugonjwa huo haurudi nyuma. Ndipo Runji, mume wa binti yao Kathure, alipotafuta gari la kuhimili barabara za kule.

"Twendeni wakati bado anaweza kufurahia, mama," alisema kwa simu. "Lakini niambie mapema. Tukipita Archers Post, Suguta ni kukata kushoto, Chalbi ni kunyoosha mpaka Marsabit. Sitaki tuanze kuamua tukiwa njiani."

Gatakaa angeweza kuchagua mwenyewe. Hakutaka. Alitaka Bundi amkatalie, hata kama ni mara ya mwisho.

"Basi ni Chalbi," alimchokoza.

"Sawa."

"Ama Suguta?"

"Sawa, mama."

Sauti ilikuwa ya mtu anayekubali asichokisikia. Gatakaa alikwenda nyuma ya nyumba akasimama kati ya migomba, kanga mdomoni.

Akiwa pale, mkono ukishika jani la mgomba, alikumbuka ncoolo. Hilo ni fungu la miraa ya heshima, la matawi yaliyochaguliwa moja moja, linalopelekwa kwa mzee na mtu mwenye ombi zito. Mzee akishalipokea, hana budi kusikiliza na kujibu. Wanawake hawapeleki ncoolo, na Gatakaa alilijua hilo. Lakini Bundi alikuwa amesahau mengi, huenda mikono yake haikusahau hili.

Asubuhi alichuma kwenye miti ya zamani, akalifunga fungu kwa jani la mgomba na kulikaza kwa ugwe wake. Akavaa gauni la kanisani na kitambaa cha kichwani. Kisha, kwa sababu jambo la heshima hufanywa kwa heshima, akatoka nje na kuingia tena kwa lango, akabisha hodi kama mgeni.

Bundi alilipokea fungu kwa mikono miwili. Mgongo ukanyooka. Akafungua ugwe polepole, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Karibu, mama. Sema shida yako."

"Nimekuja kuuliza ile safari. Ni Chalbi ama ni Suguta?"

Alimenya kijiti kwa ukucha, akifikiri. "Hilo ni la kungoja mke wangu. Ametoka kidogo." Akalitazama fungu. "Lakini umekuja na hii, siwezi kukurudisha bila jibu. Ni Chalbi."

Gatakaa alishika ukingo wa meza. "Nimesikia wewe ni mtu wa Suguta."

Bundi akacheka, kicheko chake cha zamani, chote. "Suguta! Hiyo nilishaiacha kitambo. Naogopa tu nikimwambia, atanyamaza. Na huyo akinyamaza, hii nyumba ni baridi. Usimwambie."

"Sitamwambia."

Akatenga sehemu ya miraa, akamnyooshea. "Chukua ya njiani. Kwenu ni mbali?"

"Si mbali," alisema Gatakaa, akipokea kwa mikono miwili.

Alitoka kwa lango, kama mgeni anavyopaswa. Akiwa nje kwenye ukungu alimpigia Runji.

"Usikate kushoto," alisema.

"Ni Chalbi, basi. Ameamua mwenyewe?"

"Ameamua."

Akabaki ameegemea ua, vijiti vikilowana mkononi. Ndani, Bundi alianza kuita.

"Mama Kathure! Mama Kathure, uko wapi? Kulikuwa na mgeni hapa."

Gatakaa alivua kitambaa cha kichwani, akavifunga vijiti ndani yake, akaingia tena kwa lango.