Vidonge vya Mama Mwanahawa

Mimi ni mtu wa maabara hapa Morogoro, na nina ugonjwa wa kuvimba utumbo, uleule ninaoupima kwa wengine. Juzi nilipewa kipaza sauti niwafundishe wagonjwa kliniki, mkuu wangu akiwa kiti cha mbele.

Nikawaeleza kwa mbwembwe kwamba seli za kinga hutumiana ujumbe, na ujumbe unaochoma utumbo wako unaweza kuwa tofauti kabisa na wa mwenzako, hata kama nyote mnaharisha damu.

“Kwa hiyo dawa ya jirani si yako,” nikasema. “Lakini wasiosoma wanaazimana vidonge kama chumvi.”

Wakacheka. Nikanogewa, nikaigiza mtu anavyobisha hodi kuazima vidonge, mkono mmoja tumboni.

Ndipo kati ya wagonjwa akasimama Mama Mwanahawa, jirani yangu wa Kihonda, aliyekuwa ameniaga kwamba anapanda milimani kwao, Matombo.

“Shikamoo,” nikasema kwenye kipaza sauti.

“Marahaba, mwanangu. Nauliza tu. Vile vidonge vyangu ulivyokuja kuniomba Jumapili vimekutuliza tumbo, au nikuletee vingine?”