Koti la Kitambaa cha Mama

Mafundi wa nguo tuna jina baya, na tumelitafuta wenyewe. Ukituletea kitambaa Jumatatu tutakuambia uje Ijumaa, na Ijumaa tutakuambia bado kidogo. Mimi niliapa sitakuwa hivyo. Hapa Kitengela wateja wangu wananijua: siku niliyosema ndiyo siku.

Nashona makoti ya kisasa kwa vitambaa vya Indonesia. Mapenzi hayo niliyatoa kwa mama. Alifanya kazi miaka mingi jijini Nairobi, nyumbani kwa familia moja ya Kiindonesia, na walipohama mama wa nyumba ile akamwachia kitambaa cha ikat. Nyuzi za ikat hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, kwa hiyo picha huwa tayari imo ndani ya uzi. Cha mama kilikuwa chekundu cha kuiva, kama udongo uliolowa, na kilijaa safu za watu wadogo walioinua mikono. Nilipokuwa mtoto sikupenda kulala chumba kimoja nacho.

Miaka mingi baadaye, mama alipoacha kazi za Nairobi na kurudi shambani Illasit, aliniletea kitambaa hicho dukani.

"Niwekee," aliniambia. "Huko mchwa itamaliza. Hii iko na siku yake."

Nilidhani anasema siku ya harusi yangu. Nikakiweka miaka sita, harusi haikupiga hodi. Mwaka jana akaja mteja wa Nairobi anayetaka koti la ikat halisi, si hizi za kuchapwa na mashine, nami nikakitoa. Sikumpigia mama simu kwa sababu nilijua angesema nini. Hilo ndilo kosa langu, na bado naliona haya.

Nilimpima mteja mara mbili, kama kawaida yangu. Nilikata mchana kweupe, mlango wazi, upepo ukiniletea vumbi la barabarani. Mkasi ulipoingia, kitambaa kilitoa sauti ya chini, ya mtu anayevuta pumzi. Nikasimama na kusikiliza. Kisha nikajiambia siogopi tambara, nikaendelea.

Siku ya kujaribu, koti lilimkataa. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, mikono mifupi, na mgongoni pameachwa nafasi ya mtu aliyeinama.

"Fundi, hii ulipimia nani?" aliniuliza.

Nikafumua. Nikampima upya, nikaandika vipimo huku anaangalia, nikakata tena kwa kipande kilichobaki. Aliporudi, bega lilikuwa limeshuka vilevile na mikono ilikuwa mifupi vilevile. Daftari lilisema hivi, tepu juu ya koti ikasema vingine. Mteja hata hakugombana. Alilivua polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichookota.

"Hii iko na mwenyewe," akasema, akachukua mkoba wake.

Nikalivisha sanamu ya kuonyeshea nguo pale mlangoni. Kila nilipogeuka niliona bega lile, na nilijua nalijua, ila la nani sikuweza kusema. Nikaanza kufunga duka mapema, jua likiwa bado juu, nikiwadanganya majirani kwamba kichwa kinaniuma.

Mwezi uliofuata mama akaja kuonana na daktari wa macho. Alisimama mbele ya sanamu. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kuomba msamaha, lakini alikuwa ameshalitoa koti na kulivaa.

Lilimkaa. Bega lake la kushoto, lililoshushwa na miaka ya kubeba makreti ya nyanya, lilitulia mahali pake. Mgongo wake ulijaza ile nafasi. Mimi sijawahi kumpima mama hata siku moja. Nguo zake zote ni za mitumba.

"Ulijuaje?" aliniuliza.

"Kujua nini, mama?"

"Yule mama aliyenipa aliniambia kwao mtu akishaenda wanamfunga na hii, wanamzika nayo. Nikasema basi, hata mimi nitafungwa na yangu. Lakini koti ni mzuri kushinda. Nitaenda nikiwa smati."

Alicheka, akajigeuza mbele ya kioo. Sijawahi kumwona mama amependeza hivyo, na sijawahi kuogopa hivyo.

Akapapasa kifuani. "Haina vifungo. Maliza nibebe."

Nilimwambia bado kidogo.

Vifungo ninavyo, vitano, vya pembe ya ng'ombe, nilivinunua siku ileile. Vinne nimeshashona. Cha tano kiko kwenye droo, na sindano yake imeshatungwa uzi. Kila Jumapili mama hupiga simu akitoka kanisani, aniulize kama koti limeisha, nami humpa uongo wote wa mafundi: mara stima imepotea, mara mashine imeharibika. Yeye hucheka na kuniambia hata mimi nimekuwa kama wale wengine.

Jumapili iliyopita hakucheka.

"Mami, mwanangu, usichelewe sana," alisema. "Huku naanza kuskia baridi."

Nikamwambia kesho.